Piano iliyolia ngazini

Sauti ilipoingia katika filamu za Hollywood mwaka 1927, wachekeshaji waliotegemea viungo vya mwili walitiwa mashakani. Charlie Chaplin alikataa kuzungumza katika City Lights ya mwaka 1931. Buster Keaton aliachishwa kazi na studio ya MGM mwaka 1933.

Stan Laurel na Oliver Hardy waliifanya sauti kuwa mchekeshaji wa tatu. Katika The Music Box ya mwaka 1932, wanapandisha piano iliyofungwa sandukuni kwenye ngazi ndefu mjini Los Angeles. Kila sanduku linapoponyoka, nyuzi hulia humo ndani kama mtu aliyeumia. Sisi wa redio twaielewa sana hila hiyo: sikio hucheka kabla ya jicho. Wanapofika juu, mpeleka barua anawaambia kwamba ipo barabara ya kuzungukia kwa gari. Nao, bila kusita, wanaishusha piano tena hadi chini.