Kutoka Makina hadi Kawangware: njia ya viyeyushi

Njia hii inaanzia Makina, mtaa wa Wanubi wa Kibera, Nairobi. Mababu zao, askari wa asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, waliruhusiwa kukaa hapa tangu 1904, na mwaka 1918 serikali ikatenga ekari 4,197 bila kuwapa hati. Hati ilikuja Juni 2017, ya ekari 288 tu. Katika miaka hiyo mirefu, wanawake wengi wa hapa walisomesha watoto kwa kazi iliyokatazwa na sheria ya mkoloni: kupika jini ya Wanubi. Mtafiti Johan de Smedt aliandika historia yake mwaka 2009, na anayeisoma haoni tena kwa nini wapishi wale waitwe wahalifu tu. Walikuwa na ujuzi. Walijua kuchemsha kilichochachuka, kuupoza mvuke, na kukinga kinachodondoka.

Walichokinga ni ethanoli. Kwa mkemia ni kiyeyushi, kimiminika kinachoyeyusha na kutoa harufu katika ua na dawa katika gome. Inachemka kwa nyuzi 78, na hapo ndipo penye faida na hatari yake, kwa sababu inageuka mvuke upesi, na mvuke huo huwaka upesi. Methanoli, ndugu yake mwenye sumu, inachemka kwa nyuzi 65, na kwa ladha haitambuliki. Novemba 2000 ilipotiwa katika pombe ya bei rahisi huko Mukuru, watu zaidi ya 100 walikufa.

Toka Makina, pita soko la Toi, ushike Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road hadi Kawangware. Njiani viyeyushi ni vingine, tabia ni ile ile. Fundi wa rangi ya magari ana thina. Fundi viatu ana gundi yenye tolueni, na gundi hiyo hiyo iko ndani ya chupa mkononi mwa mtoto anayelala barabarani. Tolueni huvukizwa na joto la kawaida tu, ikaingia mapafuni, kisha ubongoni. Fundi naye anaivuta siku nzima, ingawa hakuna anayemwonea huruma.

Mwaka 2003, Andrew Abbott na wenzake wa Leicester, Uingereza, walitangaza kimiminika chenye tabia tofauti kabisa. Walichanganya kolini kloraidi, unga unaoyeyuka kwa takriban nyuzi 302, na yurea inayoyeyuka kwa nyuzi 133, sehemu moja kwa mbili. Mchanganyiko ukabaki majimaji hadi nyuzi 12, karibu na baridi ya asubuhi ya Julai hapa Nairobi. Molekuli za yurea huishika kloraidi kwa vifungo vya haidrojeni, hivyo chembe hushindwa kujipanga na kuganda. Vifungo hivyo hivyo huzizuia kuruka hewani. Vimiminika vya namna hii havinuki kama thina, wala haviwaki kirahisi. Wataalamu huviita viyeyushi vya yutektiki ya kina.

Kinachonigusa ni mahali viungo vinapopatikana. Yurea ni mbolea ya magunia. Kolini kloraidi huongezwa katika chakula cha kuku. Mwaka 2011, Young Hae Choi, Robert Verpoorte na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walieleza kwamba sukari na asidi za matunda huweza kuunda vimiminika vya namna hii, na wakapendekeza kuwa huenda mimea yenyewe inavitumia ndani ya seli. Leo watafiti huvitumia kutoa rangi na dawa katika majani.

Lakini tusiwaahidi mafundi kisichowezekana. Vingi vya vimiminika hivi vinapenda maji, na haviondoi rangi ya mafuta. Mahali pa thina bado hapajapata mrithi. Vingi ni vizito, vingine kama asali, hivyo hupashwa moto au kutiwa maji kidogo ili vitiririke. Na si vyote salama: kinachotumia ethilini glikoli, kimiminika chenye sumu, kinabeba sumu hiyo.

Pale vinapofaa ni kwenye metali. Kibera na Kawangware kuna vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba, huku moshi wa plastiki ukiingia nyumba za jirani. Abbott na wenzake wameonyesha kwamba mchanganyiko wa kolini kloraidi na ethilini glikoli hung'arisha chuma cha pua kwa umeme badala ya asidi kali, na kwamba kimiminika hicho kikitiwa ayodini huyeyusha dhahabu. Shaba pia huyeyushwa humo, kisha hurudishwa kwa umeme juu ya sahani. Simu mbovu zilizorundikana kwa fundi wa Kawangware zina dhahabu, fedha na shaba ndani yake. Kinachokosekana ni kibanda chenye umeme usiokatika, maji safi ya kuoshea, na mtu aliyefunzwa kukisafisha kiyeyushi ili kitumike tena. Bila mtu huyo, ndoo iliyojaa risasi na nikeli kutoka kwenye simu hizo itamwagwa mtaroni, na mitaro ya mitaa hii inaelekea mtoni.