Hati Safi na Vitabu vya Halmashauri

Kila mwaka, si zaidi ya Machi 31, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupaswa kumkabidhi Rais wa Tanzania ripoti zake za ukaguzi. Zikishafika bungeni, wakurugenzi na madiwani nchi nzima huwa na swali moja: halmashauri yetu imepata hati gani? Hati safi hupokewa kwa pongezi, na hati chafu huweza kumgharimu mkurugenzi kiti chake. Uzito huo haukuwapo tangu zamani, bali ulijengwa polepole, na kuna wakati ulivunjwa kabisa.

Wakati wa ukoloni, hazina za wenyeji zilizoundwa chini ya sheria ya 1926 zilikuwa chini ya jicho la Mkuu wa Wilaya. Yeye ndiye aliyewaongoza machifu, akapitia bajeti zao na kufungua vitabu vyao. Huo ulikuwa usimamizi, na pengine ulikuwa mkali, lakini haukuwa ukaguzi huru, kwa kuwa mtu aliyekagua kazi ndiye aliyeiamuru. Baada ya Uhuru mwaka 1961 nchi iliendelea kuwa na mkaguzi mkuu wa hesabu, na kazi iliyobaki ilikuwa kuzipa halmashauri changa uwezo wa kutunza hesabu zinazokagulika.

Uwezo huo haukupata muda wa kukua. Kodi ya mitaa ilifutwa mwaka 1969, na mwaka uliofuata ukafutwa ushuru wa mazao. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na muda mfupi baadaye zikafuata za miji. Kwa nini? Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba halmashauri zilikosa fedha na watumishi, huduma zilidorora, na madaraka yalihitaji kusogezwa karibu na wananchi. Wakosoaji wanasema kwamba madaraka yalikwenda kwa maofisa waliotumwa na serikali kuu, si kwa wananchi. Udhaifu wa halmashauri ulikuwa wa kweli, lakini ratiba ya matukio inawapa wakosoaji nguvu: mlezi aliyemnyima mtoto chakula hana haki ya kumlaumu kwa kukonda.

Kwa upande wa ukaguzi matokeo yalikuwa dhahiri. Pasipo halmashauri hapakuwa na hesabu za halmashauri. Fedha za wilaya zilipita mikononi mwa watendaji wa serikali kuu, na mwananchi wa kijijini hakuwa na diwani wa kumuuliza zimekwenda wapi. Hali ya miji iliharibika kiasi kwamba mamlaka zao zilianza kurudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982, mojawapo ikihusu fedha za serikali za mitaa, zikarejesha mfumo mzima, ambao ulianza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Sheria ilirudi haraka kuliko wahasibu. Ndiyo maana hatua iliyofuata ilikuja kwa njia ya fedha zaidi kuliko ya adhabu. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri ilifungwa na tathmini ya kila mwaka. Iliyotimiza masharti ya msingi, yakiwamo ya utunzaji wa hesabu, ilipata ruzuku. Iliyoshindwa ilikosa, ikabaki na fedha za kujijengea uwezo. Ghafla kitabu cha hesabu kikawa na thamani ya madarasa na visima.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 ikaongeza meno. Ilimruhusu mkaguzi kufanya ukaguzi maalumu panapohisiwa ubadhirifu, na ukaguzi wa ufanisi, yaani kuuliza kama fedha ilileta huduma iliyokusudiwa. Tofauti hiyo ni ya kuzingatia, kwa sababu hati safi husema tu kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haisemi kwamba zahanati ina dawa. Halmashauri inaweza kuandika kwa usahihi kabisa kwamba imejenga tangi la maji, na tangi likabaki kavu.

Somo hilo lilionekana wazi katika hesabu za mwaka 2014/15. Mwaka uliotangulia halmashauri nyingi zilikuwa na hati safi; safari hii zilipata 47 tu kati ya 164. Je, wizi ulikuwa umeongezeka mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili? Wapo waliofikiri hivyo, na wapo waliosema ni ukali wa mkaguzi mpya, Profesa Mussa Assad, aliyeingia ofisini mwaka 2014. Maelezo yenye nguvu zaidi hayana mvuto wa namna hiyo. Muda wa mpito wa viwango vya kimataifa vya uhasibu ulikuwa umekwisha, na halmashauri sasa zilitakiwa kuonyesha thamani ya kila jengo, barabara na gari, kazi ambayo nyingi hazikuwa zimeikamilisha. Mwaka uliofuata hati safi ziliongezeka tena kwa wingi.

Swali la nani anamlinda mkaguzi lilikuja baadaye. Katiba, ibara ya 143, inasema halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote katika kazi yake, ingawa mahakama inaweza kuchunguza kama ameifanya kwa mujibu wa Katiba na sheria. Hata hivyo, mwishoni mwa 2018 Profesa Assad alisema katika mahojiano ya redio kwamba kutofanyia kazi ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika alimwita mbele ya kamati ya maadili, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba Charles Kichere aliteuliwa kushika nafasi hiyo, kwa hoja kwamba kipindi cha miaka mitano cha mtangulizi wake kimekwisha. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa huko kulikiuka Katiba. Wakati huo Kichere alikuwa ameshakaa ofisini miaka mitatu, na ndiye aliyeendelea kutia saini hati za halmashauri.