Sahihi kwenye picha za waigizaji: Namna ya kubaini iliyo halisi

Anayekusanya picha za waigizaji wa runinga zilizotiwa sahihi hulipia vitu viwili: karatasi, ambayo yenyewe haina thamani kubwa, na ushahidi kwamba mkono wa mwigizaji uliifikia. Ushahidi ukikosekana, kinachobaki ni picha iliyochafuliwa kwa wino.

Kwa mkazi wa Kaikor, kaskazini mwa Kaunti ya Turkana karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini, jambo hili lina uzito wa pekee. Vipindi vingi vya Kenya hurekodiwa Nairobi, hivyo humlazimu kumwagiza jamaa anayesafiri, kuandika barua au kumwamini muuzaji asiyemjua. Kila mkono unaoongezeka kati ya mwigizaji na mnunuzi huongeza nafasi ya udanganyifu.

Swali la kwanza ni la jina. Watazamaji wengi huwajua waigizaji kwa majina ya uhusika. Mzee Ojwang' wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya KBC, alikuwa Benson Wanjau. Mama Kayai ni Mary Khavere. Papa Shirandula wa Citizen, kipindi kilichoanza mwaka wa 2007, alikuwa Charles Bukeko. Asiyelijua hilo anaweza kuikataa picha halali kwa sababu tu ina jina geni machoni pake. Sahihi ya jina la uhusika si batili, mradi ilinganishwe na nyingine za jina hilo hilo. Kuilinganisha na sahihi ya jina la kuzaliwa ni kupoteza wakati.

Wanjau aliaga dunia Julai 12, 2015, naye Bukeko Julai 18, 2020. Tarehe hizi ni nyenzo ya kazi. Muuzaji akidai kuwa picha ilitiwa sahihi baada ya siku hizo, mazungumzo yamekwisha. Kifo pia hufunga hesabu ya sahihi halisi, na waghushi wanalijua hilo kuliko yeyote.

Nje ya Kenya, si kila sahihi ya uongo hutokana na nia mbaya. Studio za Marekani kwa miaka mingi ziliwaachia makarani kazi ya kuwajibu mashabiki, na mashine za kuandika sahihi zikaenea karne iliyopita. Mashine hutambulika kwa urahisi: weka sahihi mbili moja juu ya nyingine mbele ya mwanga. Zikilingana kila mkunjo, hazikuandikwa na mkono, maana hakuna binadamu atiaye sahihi mara mbili sawasawa. Iliyochapishwa pamoja na picha huonyesha vinukta chini ya kioo cha kukuzia, ilhali wino wa kalamu hulala juu ya karatasi na hung'aa picha inapoinamishwa.

Cheti cha uthibitisho nacho kina thamani ya aliyekitoa tu. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya magenge ya waghushi, na vyeti vilikuwa sehemu ya biashara yao. Kampuni kama PSA, JSA na Beckett huchunguza sahihi kwa malipo, lakini gharama ya kuwatumia picha ya mchekeshaji wa Kenya huenda ikashinda bei yake. Kilicho bora ni kumbukumbu: tarehe na mahali, picha ya mwigizaji akiandika, au bahasha yenye muhuri wa posta.

Joto la Turkana halina huruma. Mchana Lodwar aghalabu hufikia nyuzi 35, na jua hufifisha wino wa kalamu za ncha nene mapema kuliko picha yenyewe. Picha isigusane na kioo cha fremu, kwani huganda. Ihifadhiwe gizani, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na vumbi na bati la paa.