Tarehe ya Nintendo na Mafundi wa Nje

Nyumba ya Nintendo ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, mtengenezaji wa karata za hanafuda. Mwaka 1949 uongozi ulimfikia kitukuu chake, Hiroshi Yamauchi, naye akaushika hadi mwaka 2002. Ni yeye aliyeiingiza nyumba hiyo katika biashara ya gemu za video, na tarehe 15 Julai 1983 mashine ya Famicom ikatoka madukani.

Mwanzoni Nintendo ilijitungia gemu zake yenyewe. Mwaka 1984 ikawafungulia mlango mafundi wa nje: kwanza Hudson Soft ya Sapporo, kisha Namco ya Tokyo. Lode Runner ya Hudson iliuza kaseti zaidi ya milioni moja, na kampuni nyingine zikaanza kupiga hodi.

Ng'ambo, Marekani, biashara hiyo ilikuwa imeanguka. Mwaka 1979 watunzi wanne wa kampuni ya Atari, waliochoka kunyimwa sifa na malipo ya haki, walijitoa wakaanzisha Activision. Atari ilishitaki, lakini kesi ikaishia kwenye maelewano, na tangu hapo yeyote aliyeweza kutengeneza kaseti aliitengeneza. Gemu mbovu zikajaa madukani, wanunuzi wakakata tamaa, na kufikia 1983 soko likaporomoka.

Yamauchi alilisoma anguko hilo vizuri. Mashine yake ilipoingia New York mwaka 1985, ndani yake mlikuwa na chipu ya kufuli: kaseti isiyo na chipu mwenzake haikuchezeka. Kampuni ya nje ililazimika kuomba leseni, na masharti yake yalikuwa mazito. Haikuruhusiwa kutoa zaidi ya gemu tano kwa mwaka, wala kuipeleka gemu yake kwenye mashine nyingine kabla ya miaka miwili kupita. Kaseti zilitengenezwa na Nintendo, nazo zililipiwa kabla ya kusafirishwa. Zikidoda, hasara ilikuwa ya mwagizaji. Kampuni ya Konami ilianzisha jina la pili, Ultra Games, ili ipate kutoa gemu zaidi.

Masharti hayo yalirudisha imani ya wanunuzi, na hilo ni jema kubwa lisilopaswa kusahauliwa. Lakini yalizaa pia kinyongo. Tengen, tawi la Atari Games, ilivunja kufuli na kuuza kaseti bila leseni. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaipa Nintendo haki. Namco nayo ilikuwa imefaidi masharti nafuu kwa kutangulia. Mkataba wake ulipoisha mwaka 1989, nafuu hiyo ikaondolewa, na mkuu wake, Masaya Nakamura, akalalamika hadharani.

Malipo ya kinyongo yalifika pale mafundi walipopata pa kwenda. PlayStation ya Sony ilipotoka Desemba 1994, Namco ilikuwapo siku ya kwanza na Ridge Racer. Mwaka 1996 Nintendo 64 iling'ang'ania kaseti, ghali kutengeneza na finyu kwa nafasi, ilhali CD ya Sony ilikuwa rahisi na pana. Square, kampuni iliyotunga gemu sita za kwanza za Final Fantasy kwa mashine za Nintendo, ikapeleka ya saba kwa Sony mwaka 1997.

Mwaka 2002 Yamauchi alimkabidhi usukani Satoru Iwata, kiongozi wa kwanza asiye wa ukoo wake. Iwata alikuwa mtunzi wa programu wa HAL Laboratory, kampuni ya nje iliyofanya kazi nyingi za Nintendo. Alijua uzito wa masharti kwa kuyabeba. Mwaka uliofuata Square, ambayo sasa ilikuwa Square Enix, ilirudi na Final Fantasy Crystal Chronicles. Mwaka 2014 mafundi wa Bandai Namco, mrithi wa Namco, walishiriki kuunda Super Smash Bros., gemu iliyobeba mashujaa wa Nintendo yenyewe. Na mashine ya Switch ilipotoka Machi 2017, haukupita mwaka kabla haijapokea Stardew Valley, kazi ya mtunzi mmoja, Eric Barone.

Leseni iliwashika mafundi muda wote ambao hawakuwa na mlango mwingine. Mlango wa pili ulipofunguka, kilichobaki kuwashika ni faida ya haki na heshima, na mwenye mashine anayetaka kudumu hana budi kuvitoa vyote viwili kabla hajalazimishwa.