Bandari ya Tarime Ilikuwa Kisumu

Mtu wa Tarime aliyeteremka melini bandari ya Kilindini, Mombasa, baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa na hesabu za kupiga kabla hajajitwika sanduku lake la bati. Treni ya Nairobi iliondoka Mombasa jioni ikafika asubuhi. Ya Kisumu nayo ilisafiri usiku. Meli ya Ziwa, lakini, haikuondoka kila siku. Aliyefika gatini Kisumu wakati moshi wake umeshatoweka ghubani alibaki kulala vibarazani mpaka izunguke tena. Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu: aingoje meli ya Musoma, au atafute lori la Kisii na kumalizia kwa miguu mpaka Sirari?

Nimefundisha historia miaka mingi, Tarime kwanza, kisha Mugumu, na kila nilipofika kwenye somo la reli za kikoloni niliona macho ya wanafunzi yakizimika. Ramani ya kitabuni iliwaonyesha mstari kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, mwingine kutoka Tanga kwenda kaskazini, na mkoa wetu wa Mara umebaki mweupe, hauna hata stesheni moja. Wakaona kwamba reli haiwahusu. Mimi nashikilia kwamba ni watu wachache waliozifuatilia ratiba za treni kwa makini kama watu wa Mara, kwa sababu aliye mbali na stesheni ndiye anayeumia zaidi akiikosa treni. Na kwa Tarime, reli hiyo ilikuwa ya upande wa pili wa mpaka.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ukagota Ziwani, mahali Waingereza walipopaita Port Florence, yaani Kisumu. Reli haikuishia mjini. Iliteremka mpaka ukingoni mwa maji, abiria akashuka kwenye behewa na kuona bomba la meli mbele yake. Meli zenyewe zilikuja kwa njia hiyohiyo. William Mackinnon, Winifred, Sybil, zote ziliundwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikavushwa bahari hadi Mombasa, kisha zikasafirishwa bara na kuunganishwa upya Kisumu. Baba yangu alipenda kutuambia kwamba meli za Ziwa zilipanda treni kabla ya kuelea.

Wajerumani, waliokuwa wakitawala upande wetu, hawakuwa na njia bora zaidi. Reli yao ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwanza haikuiona katika zama zao zote. Walikuwa na kituo Shirati kando ya Ziwa na boma Ikoma, katika nyika ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti. Mjerumani aliyetumwa huko kutoka Ulaya, kama hakutaka msafara wa miguu wa wiki nyingi, alishuka Mombasa, akapanda treni ya Mwingereza, kisha meli ya Mwingereza. Pamba na ngozi za Mwanza ziliifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma. Koloni la Kaiser lilikuwa likipumua kupitia Kisumu.

Vita vya 1914 vilipoanza, urafiki huo wa biashara ulikatika kwa mkupuo mmoja. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka na kupigana na Waingereza Kisii. Novemba meli ya Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita, kwenye ufuko wa Mara, na ikakaa hapo mpaka Waingereza walipokuja kuichukua Mei 1915. Shirati yenyewe ilikuwa imeshaangukia mikononi mwao Januari ya mwaka huo.

Kuna msafiri mmoja wa wakati huo ambaye sipendi asahauliwe, maana alipita kwetu kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Stewart Edward White, mwindaji na mwandishi wa Marekani, mwaka 1913 alitoka Nairobi kwa miguu kuelekea kusini, akavuka mpaka na kuingia Serengeti ya kaskazini, akafika kwenye chemchemi za Bologonja. Aliandika kana kwamba nchi ile ndiyo kwanza imegunduliwa, ilhali watu wa Ikoma walikuwa wakiwinda na kulima karibu na hapo tangu kale. Ninamtaja kwa sababu moja: hata nyika ya Serengeti, mtu wa ng'ambo aliifikia kwa kuteremka Mombasa na kupanda treni ya Nairobi. Watalii wengi waliofuata miaka ya 1920 na 1930 walifanya vivyo hivyo, isipokuwa wao walitoka Nairobi kwa magari.

Mwaka 1928 mambo yalibadilika. Tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mara aliweza kwenda baharini bila kuipita Kenya. Sasa zikawa njia mbili. Aliyeshuka Dar es Salaam alipanda treni ya bara, akalala njiani, akafika Tabora ambako mabehewa yalikatwa, mengine yakaelekea Kigoma, mengine Mwanza. Mgeni asiyeuliza, akabaki kukaa kwenye behewa lisilo lake, aliamka akielekea Tanganyika badala ya Viktoria. Kutoka Mwanza ilibaki meli ya kwenda Musoma.

Njia hii ya pili ndiyo iliyotuletea wamisionari wa Kimennonite. Elam Stauffer na wenzake kutoka Marekani walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa 1934, wakiwa hawajajua watafungua kazi wapi. Walipanda treni hadi Mwanza, na huko mmisionari Emil Sywulka wa African Inland Mission akawaelekeza upande wa mashariki ya Ziwa. Februari 1934 walipiga mahema Shirati, ambayo wakati huo ilihesabiwa upande huu wetu na leo iko Rorya, wilaya iliyogawanywa kutoka Tarime mwaka 2007. Baadaye wakapanda milimani kwa Wakuria na kufungua Nyabasi. Hospitali ya Shirati ni mtoto wa safari hiyo. Wangeshukia Mombasa kama wageni wengine wa Ziwa, huenda wangekutana na mshauri mwingine na kuishia kwingine kabisa. Nakiri kwamba huko ni kuotea, lakini ninaamini ratiba ya treni huamua mengi kuliko tunavyoandika vitabuni.

Wanafunzi nao walikuwa na njia yao. Kijana wa Mara aliyechaguliwa kwenda Shule ya Tabora alipanda meli Musoma, akaamkia Mwanza, akapanda treni. Julius Nyerere wa Butiama aliingia shule hiyo mwaka 1937. Kwa elimu, basi, tulitazama kusini. Kwa kazi, kwa jeshi na kwa bidhaa za dukani, tuliendelea kutazama Kisumu, na sababu yake ni Mto Mara.

Msomaji wa leo anayevuka daraja la Kirumi ndani ya basi, kioo kimefungwa, hawezi kuelewa mto huo ulikuwa kizuizi kiasi gani. Daraja lilijengwa miaka ya 1980. Kabla yake palikuwa na pantoni, na mvua zikinyesha, mabwawa ya mafunjo yakafurika, barabara ya pande zote mbili ikawa tope tupu. Mtu wa Tarime aliyeteremka Musoma na mizigo alikuwa bado hajafika kwao; alikuwa na mto mbele yake. Akipitia Kisii alikuta mpaka, na mpaka ule wakati huo ulikuwa mwepesi kuliko mto. Wakuria wako pande zote mbili za mstari uliochorwa mwaka 1886 na watu ambao hawakuwahi kukanyaga hapa. Msafiri alilala kwa shemeji Kenya, akaamkia kwa mjomba Tanganyika.

Baba yangu alikuwa karani wa bandari Musoma chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948. Shirika hilo moja lilimiliki treni za Mombasa na za Dar es Salaam, magati, na meli za Ziwa, na faida yake abiria aliiona kwenye tiketi: ungeweza kulipia Musoma safari nzima hadi baharini. Watu walimjia ofisini, wengine wakitoka Ikoma na Issenye na siku kadhaa za njia miguuni, wakimwuliza jambo lilelile: nikiondoka na meli hii, nitaiwahi treni? Alikuwa na ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini aliiamini simu ya upepo zaidi. Treni ikichelewa kuingia Kisumu, meli iliweza kusubiri. Meli ikichelewa kwa dhoruba, treni haikusubiri. Kwa hiyo aliwashauri watu waongeze siku moja Kisumu, na wabebe blanketi, maana njia ya reli hupanda Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Ziwa au la pwani hutetemeka usiku kucha kwenye viti vya mbao vya daraja la tatu. Kwa anayetoka baharini onyo lilikuwa kubwa zaidi. Wahindi wenye maduka Musoma na Tarime, waliokuja na Karanja au Kampala, meli za British India kutoka Bombay, walijua kufungasha sweta juu kabisa ya sanduku.

Mwaka 1961 iliingia meli ya Victoria, kubwa na nyeupe, na miaka michache baadaye zikaja zile zilizobeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kuvuka Ziwa bila kufunguliwa. Mkoa usio na reli ulipata magurudumu ya reli gatini kwake. Ninaiona miaka ile kuwa kilele cha safari zetu, na sijaona mpango mwingine wowote wa usafiri uliotufaa kiasi hicho.

Ila siwezi kuzungumzia njia ya Mombasa bila kuwataja Keya. Vijana wengi wa Kikuria na Kijaluo wa hapa waliingia jeshi la King's African Rifles, ndilo lililoitwa Keya. Babu yangu upande wa mama alikuwa askari wa kikosi cha 36 cha Tanganyika, kilichopigana Burma katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Wenzao waliosafiri baharini hawakufika wote: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa muda usiozidi dakika chache, na watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alipowaambia wajukuu kuhusu kurudi, hakuanza na Burma. Alianza na Kilindini, na waranti ya treni aliyokabidhiwa, na jinsi alivyoikunja ndani ya kofia. Alisema baharini aliogopa kila usiku. Kwenye treni alilala fofofo. Kisumu aliuliza meli, akaambiwa imeondoka jana yake. Hakungoja. Alipanda lori la Kisii, akatembea kutoka Migori, akaingia kwao kabla ng'ombe hawajarudi zizini.

Njia hiyo ya treni na meli ilivunjwa na wanasiasa, wala si na barabara. Huduma hizo za pamoja ziligawanyika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ikafunga mpaka Februari mwaka huo, na ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Victoria ilibaki upande wetu, haikwenda tena Kisumu kama zamani. Miaka sita ilitosha. Vijana waliokua wakati mpaka umefungwa hawakuijua kabisa safari ya treni, na mpaka ulipofunguliwa walikuta mabasi yamechukua nafasi. Baba alistaafu akiwa karani wa bandari yenye meli chache, na ratiba ile ya ukutani aliikunja akaiweka kabatini.

Sasa reli inazungumzwa tena. Kutoka Tanga, reli ilifika Arusha mwaka 1929 na haijavuka hapo hadi leo, ingawa mpango wa kuifikisha Musoma umetajwa na serikali mara nyingi. Kenya ilirudisha treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu mwishoni mwa 2021. Treni ya umeme ya Dar es Salaam ilianza kazi mwaka 2024, na ujenzi wa upande wa Mwanza unaendelea. Ningependa wanaopanga mambo haya wajue kwamba kilichotusaidia sisi wa Mara hakikuwa chuma cha reli. Chuma hicho hatukuwahi kuwa nacho. Kilichotusaidia ni tiketi moja, na meli iliyokubali kuisubiri treni. Reli ya Musoma ikijengwa bila meli ya kuunganika nayo, na bila makubaliano na Kisumu, itakuwa nusu ya kile walichokuwa nacho wazee wetu mwaka 1961.

Na ombi langu kwa wenzangu wa Tarime, Rorya na Serengeti: fungueni masanduku ya babu zenu. Humo mna vitabu vya kuachishwa jeshi, vipande vya tiketi, stakabadhi za mizigo zenye mhuri wa Kisumu, picha zilizopigwa Nairobi wakati wa kungoja treni. Msizichome mnapohama nyumba. Pelekeni nakala shuleni kwenu au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na wale wazee waliobaki waulizeni sasa walishukia wapi, na walifikaje nyumbani.