Kutoka damu puani: sababu zake na namna ya kuisimamisha

Kutoka damu puani, au ru'aaf kama wanavyosema wenyeji wetu Waarabu, ni jambo linalopita karibu kila nyumba. Mara nyingi damu husimama ndani ya dakika chache na haiachi madhara. Kinachotisha ni rangi yake. Damu kidogo ikienea juu ya kanzu nyeupe au shuka huonekana kama mtu amechinjwa, na hapo watu hupoteza utulivu.

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Muscat kwa miaka mingi, na katika familia zetu zenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa nimeona mtindo ule ule. Mmoja anamwinua mtoto kichwa nyuma, wa pili anammwagia maji baridi utosini, wa tatu anatafuta pamba. Wote wanafanya kwa mapenzi, lakini kinachohitajika ni vidole viwili na saa. Pia ni muhimu kujua ni nani ndani ya nyumba ambaye kwake damu hii si jambo dogo.

Damu inatoka wapi

Ukuta unaogawa tundu mbili za pua una, kwa mbele karibu na mlango wa pua, mahali ambapo mishipa midogo ya damu hukutana. Ngozi ya hapo ni nyembamba sana. Madaktari huliita eneo hili kwa majina ya Little na Kiesselbach, matabibu wawili wa karne ya 19 walioeleza habari zake. Zaidi ya asilimia 90 ya damu za puani hutoka hapo mbele, na ndiyo maana kubana kwa vidole kunafaa.

Sehemu ndogo hutoka nyuma, ndani zaidi. Damu ya nyuma huwapata zaidi watu wazima wenye umri mkubwa, huteremka kooni, na kubana peke yake mara nyingi hakuisimamishi. Hiyo ni ya hospitali.

Sababu zake

Kwa watoto, khasa wa miaka 2 hadi 10, sababu kubwa ni kuchokonoa pua, mafua, na kupenga makamasi kwa nguvu. Pua ikitoa uchafu wenye harufu upande mmoja tu, huenda mtoto ameingiza kitu humo: shanga, punje au kipande cha toi. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, mkimbize hospitali saa ile ile, kwani huunguza nyama ya ndani kwa muda mfupi.

Kisha kuna hewa yetu ya huku. Nje panaweza kuwa na joto na unyevu, lakini ndani kiyoyozi kinafanya kazi usiku na mchana na kukausha hewa. Pua hukauka, hufanya vigaga, na kigaga kikibanduka damu hutoka. Wanaoishi Nizwa au Ibra, au wanaopanda Jabal Akhdar wakati wa baridi, hukutana na ukavu huo hata nje. Upepo wa shamal unapoleta vumbi, na moshi wa udi unapojaa katika chumba kilichofungwa, pua zenye aleji huzidi kuwasha.

Sababu nyengine ni kupigwa au kuanguka, dawa za kupuliza puani, dawa za kulainisha damu, na maradhi ya damu kutoganda vizuri ambayo huweza kurithiwa. Presha ya juu aghlabu si yenyewe inayoanzisha damu, lakini huifanya iwe ngumu kusimama.

Damu ya puani ikija pamoja na homa kali na maumivu ya mwili, fikirieni homa ya dengue, khasa mkiwa mmetoka safari. Dar es Salaam iliwahi kupata miripuko yake mwaka 2014 na 2019, na Muscat nayo mwaka 2022. Katika hali hiyo msimpe mgonjwa aspirini wala ibuprofeni. Mpelekeni kwa daktari.

Huduma ya kwanza

1. Mkalishe mgonjwa wima, kwenye kiti. Mtoto mpakate. Sema naye kwa upole, kwani kilio huzidisha damu.
2. Mwinamishe mbele kidogo, na umwekee bakuli au taulo chini ya kidevu.
3. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, tundu zote mbili pamoja, kwa kidole gumba na cha shahada. Kubana juu kwenye mfupa hakufai kitu.
4. Apumue kwa mdomo, na damu inayoingia mdomoni aiteme.
5. Tazama saa. Bana dakika 10 hadi 15 bila ya kuachia. Ukiachia kila dakika kuangalia, unabandua damu iliyoanza kuganda na unaanza upya.
6. Ukipenda, weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya pua. Huenda ikasaidia, lakini haichukui nafasi ya kubana.

Usimlaze chali wala kumrudisha kichwa nyuma. Damu haitakuwa imesimama, itakuwa imebadilisha njia tu: itateremka kooni, imchefue tumbo na kumtapisha, au imkabe. Usisokomeze pamba au tishu ndani, kwani ukiitoa hubandua kigaga.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda bila ya kusubiri ikiwa:

- damu inaendelea baada ya kubana dakika 15 kwa njia sahihi
- damu ni nyingi, au inateremka kooni na mgonjwa anaitapika
- imetokana na pigo la kichwa au ajali
- mgonjwa ana kizunguzungu, amekuwa mweupe, au anapumua kwa shida

Endelea kubana njiani. Nambari za dharura ni 9999 Oman, 998 kwa gari la wagonjwa katika Imarati, 999 Qatar na Bahrain, 997 Saudia na 112 Kuwait. Hospitalini wanaweza kuuchoma mshipa unaovuja kwa dawa, au kujaza pua kitambaa maalumu.

Wapo pia wa kuonana na daktari hata kama damu imesimama: mtoto wa chini ya miaka 2, anayetokwa na damu mara kwa mara, mwenye michubuko mwilini isiyo na sababu, na kijana wa kiume ambaye damu humrudia huku pua yake imeziba upande mmoja.

Wazee wetu

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mabibi na mababu wengi majumbani mwetu wanatumia aspirini, warfarin, clopidogrel au rivaroxaban kwa ajili ya moyo au kiharusi. Kwao damu huchukua muda mrefu kusimama, na wengine hunyamaza, wanaimeza, ili wasiwasumbue watoto. Mzee anayetumia dawa hizi akitokwa na damu, bana pua na uulize daktari siku ile ile. Ikiwa nyingi, nenda mara moja. Msimwachishe dawa kwa rai yenu wenyewe: dawa hiyo huenda ndiyo inayomkinga na kiharusi.

Andikeni majina ya dawa zake na kiasi chake kwenye karatasi, kwa Kiarabu au Kiingereza, ikae katika pochi yake. Bibi anayesema Kiswahili peke yake hawezi kumweleza daktari wa zamu saa nane za usiku anameza nini. Karatasi itamsemea.

Baada ya damu kusimama

Kwa siku nzima asipenge makamasi, asichokonoe, asinyanyue vitu vizito, na chai aiache ipoe kwanza. Kwa siku zinazofuata, matone ya maji ya chumvi ya puani yanayouzwa famasia hulainisha pua. Vaselini kidogo sana, kiasi cha kunde, ipakwe mlangoni mwa pua tu usiku. Wakateni watoto kucha. Kiyoyozi kisimpulize mtu usoni, na anayetumia dawa ya kupuliza aielekeze upande wa nje wa pua, si kwenye ukuta wa kati.

Kuhusu udhu na funga, madhehebu zetu zina maelezo yao, na shekhe wako ndiye wa kuulizwa. Lakini hilo huulizwa baadaye. Kwanza mkalishe, mwinamishe, bana, na utazame saa.