Mpagazi wa Timu

Orodha ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu wa michezo Ijumaa mchana. Majina 18. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayedhani jina lake limejificha nyuma ya jina la mwenzake. Halikuwemo. Mwishoni kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, mwalimu alikuwa ameongeza kwamba mimi nitasafiri na timu "kwa ajili ya vifaa". Yaani mfuko wa mipira. Washkaji hawakuchelewa. Hatujafika hata getini nilikwisha kupewa jina: Mpagazi.

Msomaji, pengine kwenu neno hilo halina uzito. Kwetu Tabora linauma. Mpagazi ni mtu wa mgongo, asiyeulizwa maoni. Mtu anayeteremsha magunia stesheni, ukitaka kumdharau, ndivyo unavyomwita. Nilirudi nyumbani Ng'ambo nimenuna, nikamwamkia bibi shikamoo ya haraka, nikajitupa kwenye mkeka. Bibi ana tabia ya kuchambua mboga huku akikuchambua na wewe.

"Mume wangu, nani kakupiga?"

Nikamweleza. Nilitegemea pole. Bibi akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mpagazi? Na wewe umekasirika? Babu yangu aliwafuata wenye msafara akakataliwa. Walimwona mwembamba. Alirudi kwao analia. Mwaka uliofuata ndipo wakamchukua, akaenda pwani, akarudi, na ndipo wakamwoza. Kwani ulidhani kila mtu alikuwa anachukuliwa?"

Nilidhani hivyo, ndiyo. Darasani tulifundishwa misafara kwa mistari minne: pembe za ndovu, watumwa, Waarabu, Bagamoyo. Katika mchoro wa kitabu watu wamepangwa mstari mmoja, wote sura moja, na kila mmoja ana mzigo kichwani. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyewapanga vile, wala kama yupo aliyebaki nyumbani kwa kukosa nafasi.

Basi nikaanza kusoma, kwanza kwa hasira, baadaye kwa raha. Richard Burton, Mwingereza aliyepita huku na mwenzake Speke, aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1860. Ni mtu wa matusi. Wapagazi wake anawaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini ana jicho, na jicho lake mara nyingi linamsaliti mdomo wake. Anakiri kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo hadi pwani ulikuwa mtihani wa uanaume. Karibu miaka 150 baadaye, mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu ya wapagazi, kilichotoka 2006, akionyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ufundi, desturi na heshima ya kazi yao. Watumwa walikuwepo njiani, na mateso yao yasifichwe. Lakini Mnyamwezi aliyetoka Unyanyembe na jino la ndovu begani, akijua atarudi nyumbani mvua za kilimo zisijaanza, alikuwa mtu wa namna nyingine.

Sasa tazama kikosi kilivyopangwa. Mbele kabisa alikwenda kirangozi, na mtu akijaribu kumtangulia alitozwa faini. Alivaa nguo nyekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine, kwa kuwa kazi yake hasa ilikuwa kujua: maji yako wapi, njia ipi imefungwa, mtemi yupi ana hasira mwaka huu. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, wenye mabega ya chuma. Waliziningʼiniza kengele kwenye ncha za meno, na hawakukubali kuchanganywa na wengine. Hao ndio washambuliaji, wenye kuringa. Kisha wabeba nguo na shanga, merikani na kaniki. Kisha mchanganyiko wa watu na vitu: majembe, chumvi, tumbaku, masufuria, vibuyu. Wanawake walikuwemo, wakibeba vyombo, na wakifika kambini ndio kwanza kazi ya pili inaanza. Wanyapara walikagua na kusuluhisha. Mwenye mali mara nyingi alikuwa nyuma kabisa, anakula vumbi la wote.

Mzigo wa pembe uliweza kufika frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Hapo katikati ndipo ilipo Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji kati ya Ugogo na Tura, ambapo msafara uliopangwa vibaya ulijulikana.

Lakini orodha si timu. Hili nililijua hata kabla ya kusoma, maana ile timu yetu ya shule ilikuwa na mafundi watupu, na kila fundi alitaka mpira wake. Namba kumi na namba tisa walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya binti mmoja wa Isevya. Unategemea nini hapo?

Wapagazi walilijua jambo hili kwa mabega yao. Mzigo usiogawanyika ulifungwa kwenye mti mmoja, wakaubeba watu wawili. Fikiria. Mmoja akiwa mrefu, uzito wote unamshukia mfupi. Mmoja akikanyaga kushoto na mwenzake kulia, mti unaruka na kuchuna bega. Hakuna mnyapara anayeweza kuwalazimisha watu wawili waelewane hatua. Wenyewe walichaguana, na aliyempata mwenzake alimshika safari hadi safari. Usiku walijigawa katika vikundi vya chungu kimoja: huyu kuni, huyu maji, huyu anapika. Posho ya kila mtu ilikuwa kibaba cha nafaka, na kibaba kikipunjwa, chungu kizima kilinuna. Asubuhi yake utawaona wamekaa juu ya mizigo, hawaendi. Wazungu katika vitabu vyao wanaita jambo hili uvivu na ukaidi. Mimi nikilisoma naona mgomo, tena wa watu wanaojua bei yao.

Safari ya kwanza ya siku ya kwanza ilikuwa fupi makusudi, mwendo kidogo tu nje ya mji, kisha kambi. Aliyesahau kitu arudi akachukue. Aliyekuwa anasitasita ajulikane mapema. Sijui kwa nini makocha wetu hawana siku kama hiyo.

Na kulikuwa na utani. Leo tukisema watani wa jadi tunawaza Simba na Yanga, tunawaza vijembe vya kijiweni. Utani wa njia ya msafara ulikuwa na kazi nzito zaidi. Mnyamwezi akiwa katika nchi ya Wazaramo alikuwa ugenini miezi mingi kutoka kwao, lakini alikuwa na mtani. Mtani angeweza kumtukana, kumnyangʼanya kitoweo, na mambo yakaishia kwenye kicheko. Na Mnyamwezi huyo akifa, mtani alikuwa na wajibu wa kumzika. Watu wa makabila mengi waliweza kutembea kwenye mstari mmoja kwa sababu matusi yao yalikuwa yamekwisha kupewa ruhusa.

Tuje kwa mashabiki, maana msafara ulikuwa nao. Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, msafara wa Burton ulijiandaa kuingia Kazeh, yaani Tabora hii hii. Waliokuwa wamechakaa njiani wakafungua vifurushi, wakatoa nguo nzuri walizozificha kwa ajili ya saa hiyo. Bendera ikapanda. Baragumu zikalia, bunduki zikafyatuliwa hewani, na watu wa mji wakatoka kwa wingi kujipanga kando ya njia, wakipiga kelele. Burton anaeleza yote haya kwa urefu. Kumbe wanaume hawa walibeba nguo za kuingilia mjini zaidi ya siku mia moja, uzito wa ziada juu ya uzito wa tajiri, ili wakifika waonekane hawakuchoka! Mji ulitaka kuona ushindi, nao wakaupa mji ilichotaka. Mgunda Mkali ilibaki siri yao.

Agosti 2023 nami nilikuwa shabiki kando ya njia. Timu iliyopanda Ligi Kuu kwa jina la Kitayosce, ikawa Tabora United, ilikwenda Chamazi kucheza na Azam katika mechi yake ya kwanza ya msimu. Tulikuwa tumejazana kibandani mbele ya televisheni, wengine wamevaa jezi mpya. Timu ikaingia na watu wanane. Wanane! Mambo ya usajili hayakuwa yamekamilika, na waliobaki hawakuruhusiwa kucheza. Mabao manne yakaingia upesi, kisha wachezaji wetu wakapungua tena, wakawa chini ya saba, na mwamuzi akavunja mechi. Kibandani tulitukana. Nami nilitukana, nisijifanye mtakatifu. Tuliwatukana wale wanane, ndio pekee waliokuwa wamefika.

Usiku ule nilikumbuka chungu, kibaba na ile kambi ya siku ya kwanza, nikaona aibu.

Msimu uliofuata timu hiyo hiyo ikakutana na Yanga, bingwa mtetezi, pale pale Chamazi, ikashinda 3-1. Ng'ambo haikulala. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikichekea jambo jingine, maana tarehe ilikuwa 7 Novemba, mwaka 2024. Miaka 167 kamili tangu zile baragumu za Kazeh. Nilipowaambia kijiweni, waliniangalia kama mtu aliyekunywa wanzuki.

Ukitoka mjini kwenda Kwihara, kilomita chache tu, utaikuta tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Sasa ni makumbusho. Mgeni huoneshwa chumba cha Livingstone na kusimuliwa habari zake. Mimi nikienda huwa nawaza zaidi waliopita hapa Oktoba 1873 na maiti yake. Alikuwa amefia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei mwaka huo. Hapakuwa na tajiri wa kuwasimamia, wala mshahara wa uhakika. Wangeweza kumzika na kutawanyika, na nani angewalaumu? Wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba, wakiongozwa na Susi na Chuma. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliyekuwa hapa aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Mbele ya safari watu wa njiani walikataa maiti isipite nchini mwao, nao wakabuni hila: wakafunga mabua kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kuelekea Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Likaingia kwenye mstari kama mzigo wowote. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wote waliobeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ikatengeneza medali 60 kwa ajili ya wapagazi wale, ila zilipokuwa tayari wengi wao walikwisha kutawanyika. Walikuwa wameshapata msafara mwingine, nadhani. Mtu wa kazi hakai pwani kusubiri medali.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya kubeba pembe hadi pwani ikafa. Vita ya Kwanza ikaja ikaurudisha upagazi kwa sura mbaya kabisa, watu wakikamatwa vijijini kubebea majeshi ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, wakifa kwa njaa na kuhara. Nadhani ni hapo neno lilipochafuka. Bibi naye anafikiri hivyo. Anasema babu yake, akiulizwa habari za ile vita, alikuwa ananyanyuka na kwenda kuangalia mifugo, hata kama mifugo ilikuwa mbele yake.

Kuhusu mechi yetu: tulifungwa 2-0. Namba kumi hakumpa namba tisa hata pasi moja. Nilirudi nyumbani jioni na mfuko mgongoni, kwa kuwa ofisi ilikuwa imefungwa. Kila niliyepishana naye Ng'ambo aliniuliza swali moja, ngapi ngapi, na nilipojibu aliguna akapita.

Bibi alikuwa mlangoni. Aliutazama mfuko, akautazama mkanda ulivyonichora begani.

"Ulikuwa na uzito gani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake, kabla ya kuupeleka shuleni, niliupitisha kwa muuza mahindi nikamwomba mizani. Mipira 12, jezi mbichi za jasho, vizuizi vya ugoko, chupa za maji. Kilo 11 na robo.

"Ongeza," alisema bibi nilipomwambia, akaendelea kupepeta.